Ng'ombe Wawili wa Maduhu

Mwalimu Mkuu Bartholomeo alikuwa na sauti nzuri. Nalisema hili mapema nisije nikaambiwa kwamba nilimnyima haki yake. Alikuwa na sauti nzuri, kaptura ya kaki iliyonyoshwa pasi kila asubuhi, na wimbo mmoja wa kuzidisha ambao alikuwa ameuimbisha katika shule yetu kwa miaka kumi na moja bila kuubadilisha hata neno.

Shule yenyewe ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Tinde. Jina lake silitaji, kwa sababu wajukuu wa watu hawa wapo na baadhi yao ni wakali kama babu zao. Mimi nilifika pale Januari 1953, binti wa miaka ishirini, nimetoka chuo cha masista na cheti kilichokuwa bado kinanuka wino. Nikapewa darasa la tatu, watoto thelathini na mmoja, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Masharti yalikuwa wazi. Mkaguzi angekuja, angewapima watoto wangu hesabu, na akiridhika ningebaki na darasa langu. Asiporidhika ningehamishiwa kwenye ushonaji wa wasichana, kazi ambayo Mwalimu Bartholomeo alisema tangu siku ya kwanza kwamba ndiyo inayonifaa. Hakuwa ameniona nikishika sindano. Alikuwa ameona tu kwamba nimevaa gauni.

Na mimi hesabu nilizipenda, sioni sababu ya kuficha. Baba yangu alisukuma vitoroli vya mawe kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, na kila alipomwaga kitoroli kimoja alitia kokoto moja mfukoni. Jioni alizimwaga kokoto mkekani na kunipangia mistari: hizi za Jumatatu, hizi za Jumanne. Nilijua kuzidisha kabla sijajua kwamba kunaitwa kuzidisha. Kwa hiyo nilifika Usukuma na kiburi changu chote, nikiamini kwamba mtoto akionyeshwa tu kitu chenyewe kwa macho, hesabu itamwingia bila kuimbiwa.

Basi nikausikia wimbo.

Mwalimu Bartholomeo alikuwa ameutoa kwenye mbina ya kulimia, ile ngoma ya majembe. Alifundishia shambani. Watoto walijipanga na majembe, yeye akasimama kwenye kivuli, akatoa sauti: "Saba mara moja?" Wao wakaitikia, "Ni saba!" na majembe yakashuka pamoja. Kila jibu, jembe moja. Jedwali la mbili lilikuwa fupi na watoto walilipenda. Jedwali la kumi na mbili lilikuwa linamaliza tuta zima. Shamba liliitwa shamba la shule, ingawa pamba yake shule haikuwahi kuiona ikishavunwa. Mpita njia aliyesikia sauti zile alisimama kwa furaha akasema, hapa pana elimu.

Ukimwita mtoto mmoja kando ukamuuliza, "Saba mara nne ni ngapi?" alikutazama kama umemuuliza jina la bibi yako. Halafu alianza toka saba mara moja, huku mikono ikipanda na kushuka na jembe lisilokuwepo, mpaka afike. Ukimkatiza katikati, anarudi mwanzo.

Wiki ya pili nikagundua jambo lingine. Katika wimbo ule, saba mara nane ilikuwa hamsini na nne.

Nikamwendea ofisini. Nikamwambia kwa adabu zote nilizofundishwa na masista, "Mwalimu Mkuu, samahani. Saba mara nane ni hamsini na sita."

Akanitazama bila hasira, kwa huruma hasa. "Mwalimu Eufrasia," akasema, "wimbo huo nimeuimbisha miaka kumi na moja, na jembe halijawahi kukosea."

Nikaamua kuwafundisha watoto wangu kwa njia yangu, darasani, bila jembe. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi Mei. Niliwaambia watoto: leo mkirudi nyumbani, kila mmoja ahesabu ng'ombe wa kwao, kisha azidishe kwa nne, aniletee jumla ya miguu. Nilijiona nina akili sana. Usukumani, nikasema moyoni, mtoto atajifunza nini vizuri kuliko ng'ombe?

Jumanne walikuja watoto sita. Mlangoni alikuwa amesimama mzee Maduhu, baba yake Justa, na nyuma yake wazee wengine saba wenye fimbo.

Justa alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, asiyecheka ovyo, na kichwa chake kilikuwa kikali kuliko vichwa vyote mle darasani, changu kikiwemo siku nyingine. Baba yake alikuwa na mifugo ambayo ikivuka barabara asubuhi, mwenye baiskeli anashuka, anavuta tumbaku yake hadi imalizike, na bado anasubiri.

"Shikamoo, Baba Justa," nikasema.

"Marahaba. Mwalimu, nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, baba. Ni hesabu tu."

"Hesabu tu." Akawageukia wenzake, nao wakaguna. "Mwaka juzi alikuja kijana mwenye karatasi. Tukamuuliza, akasema ni hesabu tu. Mwezi haukuisha, tukaambiwa ng'ombe wamezidi, nyasi zinakwisha, kila mji wenye zizi upeleke mnadani kadhaa, upende usipende. Lakini yule angalau alikuja mwenyewe. Wewe umemtuma mwanangu anihesabie zizini kwangu."

 Masista walinifundisha mengi lakini hawakunifundisha la kumjibu baba kama huyo.

Keshoye watoto wote walirudi shuleni na majibu mazuri. Justa: ng'ombe wawili, miguu minane. Mihayo, mvulana mnene aliyekaa mbele: ng'ombe wawili, miguu minane. Darasa zima, thelathini na mmoja, kila mji ng'ombe wawili, kila ng'ombe miguu minne, jumla minane. Nilisahihisha vibao vyote na vyote vilikuwa sahihi. Sijawahi kuona darasa lililofaulu vile.

Nikaachana na ng'ombe. Nikajaribu kuku, lakini ikavuma kwamba sasa kuku nao wanaandikishwa, na kijiji kizima kikawa hakina kuku, ijapokuwa majogoo waliwika kila alfajiri. Nikajaribu matuta ya shambani, nikasahau kwamba matuta yana sheria yake, na asiyeyatimiza anatozwa faini. Nikasema basi, twende jikoni: kila mama ana mafiga matatu, hebu hesabuni mafiga ya kwenu, tujifunze jedwali la tatu. Kesho yake kila mtoto ana mafiga matatu, basi. Hata Mihayo, ambaye nzengo nzima, yaani kijiji chote, ilijua ana mama wanne. Kumbe mke wa pili anatozwa kodi, wa tatu pia, na mimi nilikuwa nimewatuma watoto wakawahesabu wake za baba zao kwa kuhesabu mawe.

Nilikaa kwenye kiti changu nikafikiri. Nyumba ina kodi. Mke ana kodi. Ng'ombe ana kodi na mnada. Tuta lina faini. Katika maisha yote ya watu wale, kitu kilichohesabiwa kilikuwa kimeondoka au kiko njiani kuondoka. Halafu nakuja mimi na gauni langu la maua nasema hesabu ni tamu. Niliona aibu, na aibu ile ilinifunza kuliko chuo.

Ndipo nikauliza darasa, "Kitu gani nyumbani kwenu hata Serikali haikitaki?"

Wakatazamana. Halafu Justa akainua mkono. "Kunguni, Mwalimu."

Hakuna aliyeficha kunguni. Waliletwa kwenye vibuyu, kwenye majani, kwenye kiberiti tupu. Kunguni ana miguu sita, na watoto wale walilijua jedwali la sita kwa siku nne, bila wimbo. Waligombana kuhusu vipapasio vya kichwani kama ni miguu au siyo, na ugomvi huo peke yake ulikuwa na elimu kuliko shamba zima la pamba. Baada ya kunguni tukaja kwa buibui, miguu minane. Mihayo alikamata saba kutoka chooni. Tukawafunika kwa glasi, tukahesabu mguu kwa mguu, tukapata hamsini na tano.

"Si hamsini na nne?" akauliza mmoja, aliyezoea shamba.

"Mmoja ni kilema," akasema Justa. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, pua karibu iguse glasi. "Huyu hapa. Mguu wake umekatika. Wangekuwa wazima ni hamsini na sita." Akainuka akakaa. "Mwalimu, basi wimbo unadanganya."

 Nilikwenda nyumbani siku ile nikiimba, na wala si wimbo wa Mwalimu Mkuu.

Baada ya hapo hawakutosheka na buibui. Mtoto aliyeonja hesabu anataka namba kubwa. Ijumaa moja Justa alinijia na kibao chake amekikumbatia kifuani. Akatazama mlangoni, akakigeuza haraka: 136 mara 4, na chini yake, 544. Kazi safi, kila tarakimu mahali pake. Kisha akatema mate na kukifuta kwa kiwiko.

"Hao ndio wa kweli," akasema. "Baba anajua. Kasema nikuonyeshe wewe tu, halafu nifute mbele yako."

Hiyo ikawa desturi yetu ya kila Ijumaa. Mtoto mmoja alimwambia mwenzake, wazee wakaulizana, wakakubali kwa shingo upande, kwa sharti lile lile: andika, onyesha, futa. Watoto walihesabu mifugo yao halisi, wakazidisha miguu, pembe, kwato. Mimi nilisahihisha kwa macho, sikuandika popote. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama ile, na walionipa walikuwa watu ambao mwezi Mei walitaka kunifukuza na fimbo.

Mkaguzi alitazamiwa Jumatatu, tarehe saba Septemba. Akaja Ijumaa, tarehe nne.

Tulisikia Landrova wakati vibao thelathini na kimoja vimejaa. Mwalimu Bartholomeo alichungulia dirishani, uso umemvimba kwa furaha na hofu. "Amekuja!" Nikawaambia watoto, upesi, wekeni vibao mezani kwangu, kifudifudi. Wakaviweka. Havikuwa vimefutwa hata kimoja.

Mkaguzi alikuwa mzungu mrefu mwenye Kiswahili kizuri cha vitabuni. Nyuma yake aliingia mtu wa pili, na darasa zima likaacha kupumua. Alikuwa afisa wa mifugo, ambaye nzengo yote ilimwita Bwana Ng'ombe. Gari lake lilikuwa limevunjika springi, akaomba nafasi kwenye Landrova ya mkaguzi. Alitafuta mahali pa kukaa, hakuona, akaegemea meza yangu. Akavua kofia yake na kuiweka juu ya vibao.

"Endeleeni," akasema kwa upole. "Mimi si mwenyeji hapa."

Mkaguzi akasugua mikono. Alikuwa mtu mwema, nadhani. Alitaka kuwafurahisha watoto. "Nasikia mnajua kuzidisha. Haya, swali la Kisukuma! Mtu ana mazizi saba. Kila zizi lina ng'ombe wanane. Ana ng'ombe wangapi?"

 Nilimwona Justa akiitazama kofia.

"Wewe," mkaguzi akamwonyesha Mihayo.

"Wawili, Bwana."

"Wawili? Mazizi saba?"

"Mengine hayana kitu, Bwana."

"Lakini nimesema kila zizi lina wanane."

"Walikufa, Bwana," akasema Mihayo kwa huzuni. "Ndigana."

Bwana Ng'ombe akatoa daftari mfukoni. "Ndigana? Wapi?"

"Huko huko, Bwana, kwa huyo mtu wenu."

Mkaguzi akahamia kwa Justa, labda kwa kuwa alikaa wima kuliko wengine. "Tusiseme mazizi. Ng'ombe wawili wana miguu mingapi?"

"Minane."

"Vizuri sana! Na ng'ombe saba?"

"Saba ni wengi, Bwana. Huku hayupo mwenye saba."

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza Bwana Ng'ombe.

"Wa Maduhu."

"Maduhu! Nimesikia ana wengi sana."

"Yaya, Bwana, hapana. Ni wawili," akasema Justa. "Na mmoja anakohoa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Wale watoto walikuwa wanazidisha mbele ya macho yangu kwa kasi ambayo mkaguzi hakuiota: kila mmoja alikuwa anapima kila jibu lingemgharimu nini baba yake, na kuchagua dogo. Hesabu gani kubwa kuliko hiyo? Lakini yeye aliona wajinga thelathini na mmoja, na mwalimu mmoja aliyewafanya wajinga.

"Bwana," nikasema, "waulize buibui."

"Nini?"

"Waulize miguu ya buibui saba. Au kunguni. Watakujibu."

Mkaguzi akanitazama, akamtazama Mwalimu Bartholomeo. Mwalimu Bartholomeo akainama kutazama viatu vyake, kwa namna ya mtu anayesikitika kwamba mambo yamefika huku. "Ni mgeni, Bwana," akasema taratibu. "Ametoka Geita."

"Mwalimu Eufrasia, siwezi kuandika kwenye taarifa kwamba watoto wanajua buibui," mkaguzi akasema. Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililoniuma. "Nisaidie. Nionyeshe kazi yoyote waliyoandika. Chochote. Vibao hivi je?"

Kiganja chake kilikuwa tayari kimeelekea kwenye kofia. Chini ya kofia ile ulikuwepo mwaka wangu wote. Mia moja thelathini na sita mara nne, bila kosa. Mia mbili na nane mara mbili. Namba ambazo hata darasa la nne la Tinde lisingezithubutu, kila kibao na jina la mtoto juu. Angegeuza kimoja tu, ningebaki na darasa langu hadi nizeeke. Na Bwana Ng'ombe alikuwa amesimama pale pale, daftari wazi, penseli imechongwa.

Watoto hawakumtazama mkaguzi. Walinitazama mimi.

"Vitupu, Bwana," nikasema. "Leo tulikuwa tunavisafisha."

Mkono wake ukarudi. Aliandika kwa muda mrefu.

Mwalimu Bartholomeo aliona nafasi yake, akaidaka. "Bwana, pengine wangeimba?" Wakatoka nje, wakapewa majembe, na wimbo ukapaa. Lo, watoto wale waliimba siku ile! Walikuwa wamebanwa na hofu nusu saa nzima, sasa wakaimwaga yote. Mkaguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alipiga mguu chini kufuata majembe. Saba mara sita, arobaini na mbili! Saba mara saba, arobaini na tisa! Saba mara nane...

"Hamsini na nne!" wakaitikia thelathini, na majembe yakashuka.

"Na sita!" ikasikika sauti moja nyembamba, peke yake, baada ya wengine wote.

Mkaguzi akageuza kichwa. Sekunde ile nilimwomba Mungu. "Yule msichana," akasema, akimwelekezea Justa penseli, "anaharibu wimbo." Na mguu wake ukaendelea kupiga.

Walipokuwa ofisini wakinywa chai nilirudi darasani, nikavifuta vibao vyote mwenyewe, kimoja kimoja, kwa kitambaa chenye maji. Nilikuwa nimewaahidi kwamba vitafutwa. Nililia kidogo nilipofika cha Mihayo, kwa sababu kilikuwa cha kwanza alichopata bila kosa toka aanze shule.

Taarifa ilikuja Oktoba. Darasa la tatu halikuonyesha ufahamu wa kuzidisha. Mwalimu Eufrasia apewe ushonaji. Njia ya Mwalimu Mkuu Bartholomeo ya nyimbo isifiwe, na ikiwezekana ienezwe. Akapandishwa baiskeli akaenda kuwafundisha walimu wa upande wote ule, mpaka karibu na Maganzo. Kwa hiyo ukikutana na mzee wa huko anayeshikilia kwamba saba mara nane ni hamsini na nne, usigombane naye. Alifundishwa na Serikali.

Mzee Maduhu hakunishukuru. Wasukuma hawana maneno mengi katika jambo kama hilo, na angenishukuruje bila kukiri? Alimtuma Justa aniletee maziwa, kibuyu kikubwa ajabu kwa mtu mwenye ng'ombe wawili na mmoja anakohoa. Aliyatuma kila Jumamosi mpaka nilipoolewa.

Wavulana wakarudi kwenye majembe. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Mihayo hakufika popote na hesabu zake. Mimi nikapewa chumba cha mwisho, wasichana kumi na mmoja, nyuzi na sindano. Kazi ya wanawake, hakuna mkaguzi aliyewahi kuingia mle. Nikawaambia, tutadarizi misalaba, mstari kwa mstari, misalaba minane kila mstari. Mishono haina kodi.

Mwisho wa mwaka Justa alidarizi kitambaa cha meza, cheupe, misalaba myekundu, mistari saba ya minane. Akaja kuniuliza kama anaweza kumpa Mwalimu Mkuu zawadi. Nikamwambia ni wazo zuri sana. Mwalimu Mkuu alikipokea kwa mikono miwili, akamsifu mbele ya shule nzima kwamba kumbe msichana huyu anaweza kitu. Akakitandika mezani ofisini na kuweka juu yake kikombe chake cha chai, kila siku, mpaka alipostaafu. Hakuwahi kuihesabu misalaba yake.